Mwenye Ufunguo Hunywa Mwisho

Nyumbani, 14 Desemba

Mume wangu mpendwa,

Mkeo wa kwanza hajambo, ila ana hasira. Hao wake wadogo utakaowaoa huko uliko wasubiri kwanza, mimi nina shauri.

Nimepata karatasi kutoka huko kwenu ghalani. Mpunga wangu umepewa daraja la pili. Niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena, nikadhani miwani imeingia ukungu. Tangu enzi za uhai wa babu yako gunia langu halijapigwa muhuri mwingine ila ule wa daraja la kwanza. Jirani yetu Kidevu, ambaye palizi ni jambo analolisikia redioni, amepata la kwanza. Alikuja kunipa pole huku hicho kidevu chake kikicheza kwa furaha, nikampa kiti kibovu.

Sasa nisikilize. Wewe uko hapo hapo, sijui unaandika risiti au unashona magunia, hujawahi kunieleza vizuri. Mtafute huyo mpimaji wa mchele, umtazame macho. Ati mchele wangu una "punje za chokaa". Chokaa ni ya kupaka ukutani. Mtu huyo ama ni kipofu, ama amelelewa na watu wasiojua wali ni kitu gani.

Ningecheka, lakini Baba Mdogo wako ameshasikia. Unamjua mwanangu, hasemi sana, na akisema ameshaamua. Amesema mwaka huu ananisamehe, lakini msimu ujao nikipata tena daraja la pili, basi shamba limenishinda na atakuja na gari anihamishie kwake. Nami nimemkubalia kwa kinywa changu, kwa hasira, kwa sababu nilijua siwezi kushindwa. Hebu fikiria maisha yangu kule. Nyumba ya vigae, kiti cha sponji, na kazi ya kutwa nzima kutazama feni ikizunguka. Nitakufa kwa usafi.

Simu usipige. Jogoo aliiangusha kwenye ndoo, na hata ilipokuwa nzima ilikuwa inanikatia maneno yangu mazuri. Barua mpe dereva wa lori la magunia.

Ni mimi mkeo,
Bibi

*

Ghalani, 20 Desemba

Shikamoo Bibi,

Leo nakuamkia kama mjukuu. Kama mume, nimeogopa.

Nimemtafuta huyo mpimaji na nimemwona. Ni kijana tu. Macho yake mazima, na kwa sura si haba. Nilimuuliza kwa upole, akasema sampuli yako aliihesabu, akaihesabu tena, akanywa maji, akaihesabu mara nyingine. Anasema hata usingizi ulimpaa. Habari ya nani alimlea sikuiuliza, niliona si vizuri kuanzisha ugomvi wa kifamilia.

Anasema pia kuwa chokaa si uchafu wala si uvivu wa mkulima. Ni weupe ulio ndani ya punje yenyewe, na huanzia shambani mpunga ukiwa bado umesimama. Punje kama hizo zikifika kwenye kinu hazivumilii, zinakatika, unabaki na chenga. Usimkasirikie sana. Nadhani na yeye ana bibi yake mahali.

Baba Mdogo mwambie asiharakishe. Msimu ujao uko mbali.

Mjukuu wako

*

Nyumbani, 27 Desemba

Mume wangu,

Nimekutuma ukanipiganie, umerudi na salamu za adui. Huyo kijana amekulisha nini? "Huanzia shambani." Shambani kwangu? Mimi niliyekuwa najua jaruba langu kabla mama yake hajajua kutambaa?

Nimekata shauri. Jumatatu napanda lori, nakaa mbele na dereva, nakuja mwenyewe. Nachukua mchele wangu kwenye mfuko na ungo wangu wa kupetea, maana siamini vyombo vyao. Wewe kaa pembeni tu usije ukapoteza kazi. Nikimaliza naye tutakula pamoja.

Bibi

*

Ghalani, 29 Desemba, kwa haraka

Bibi yangu,

Tafadhali usije. Kwanza lori halina kiti cha mbele siku hizi. Pili mpimaji yuko likizo. Tatu anaumwa, na ni ugonjwa wa kuambukiza. Tena Jumatatu ghala linafungwa kwa ajili ya kufukuza panya, na panya wenyewe ni wakubwa. Nitakuja mimi huko, nakuahidi.

Mjukuu wako

*

Nyumbani, 9 Januari

Kwa Ndugu Mpimaji wa Mchele,
Ghala la Ushirika.

Ndugu Mpimaji,

Barua yako ya tarehe 29 nilikabidhiwa nikiwa njiani kurudi. Dereva alikuwa nayo mfukoni tangu safari ya kuja, nami nilikuwa nimekaa mbele, kwenye kile kiti ambacho hakipo.

Nakukumbusha yaliyotokea ili yabaki kwenye maandishi. Niliingia mlangoni, nikasema mbele ya wafanyakazi wote, "Nileteeni huyo kipofu." Wote wakakunyooshea kidole. Wewe ulikuwa umeinama mezani na kibano mkononi, taa inawaka mchana kweupe. Uliponiona ulisimama ukamwaga sinia zima sakafuni. Yule dada mwenye miwani mikubwa akaanza kuokota punje akijifanya hasikii kitu.

Ndipo nikakwambia nionyeshe. Ukatandika kitambaa cheusi, ukaweka mchele wangu upande huu na wa Kidevu upande ule. Wa Kidevu uling'aa, mwanga unapita ndani yake. Wangu ulikuwa na doa jeupe tumboni, punje baada ya punje. Macho yangu pia ni mazima.

Daraja lenyewe si lililoniuma. Kinachoniuma ni kwamba nimekutukana mwezi mzima na wewe ukaniacha nitukane. Nikasema umelelewa na wasiojua wali, na hali nilikulea mwenyewe. Wenzako sasa wanajua, na dereva anajua, na dereva akijua ni sawa na kutangaza sokoni.

Nijibu maswali mawili. Ulipohesabu, ulijua ni mpunga wangu? Na huo mpunga umepatwa na nini?

Mkulima,
Daraja la Pili

*

Ghalani, 16 Januari

Bibi yangu,

Nilijua.

Haikuwa hata zamu yangu. Sampuli zinakuja na namba ya shamba, na namba ya shamba lako naijua kuliko tarehe ya kuzaliwa kwangu. Mpunga wako uliangukia kwa Miwani, yule dada uliyemwona. Mimi nikauvuta kwangu. Nilikuwa nimepewa meza ya upimaji msimu huu huu, sikukwambia kwa sababu nilitaka ushangae. Nilitaka mkono utakaopiga muhuri wa kwanza kwenye gunia lako uwe wangu, halafu nikuandikie, "Bibi, unajua ni nani aliyekupima?" Ndiyo hiyo furaha niliyoitafuta, nikakuta chokaa.

Mkono wangu ulikwenda kwenye muhuri wa kwanza, sitakudanganya. Nikaurudisha. Ningeupiga, magunia yako yangechanganywa na ya wenzako, na kinu kingetoa chenga kwa wote. Tena wewe mwenyewe ungeupika ungejua, halafu ungejua kwamba mjukuu wako anapima kwa undugu. Nilishindwa kukwambia uso kwa uso, na kwenye barua nikashindwa zaidi. Nakupenda Bibi, na nilikuogopa. Nisamehe.

Sasa la pili. Mpunga ukishachanua, punje inajaa maziwa, kisha maziwa yanakaza polepole yanakuwa mchele. Kazi hiyo inataka usiku wa baridi kidogo. Usiku ukiwa na joto mmea haupumziki, unatumia kwa kuhema kile ulichokipika mchana, na hicho kidogo kinachobaki kinaingia kwenye punje kwa papara. Kama sanduku lililofungwa na mtu aliyechelewa safari, ndani kunabaki nafasi. Zile nafasi zimejaa hewa, ndizo tunazoziona nyeupe, na hapo ndipo punje inapokatikia kwenye kinu.

Nimeangalia mashamba yote ya mfereji wenu. Waliopandikiza mapema wamepata punje safi. Kadiri mtu alivyochelewa ndivyo chokaa ilivyozidi. Na wa mwisho kabisa ni wewe. Bibi, wewe unaamka kabla ya kuku. Kwa nini unapandikiza wa mwisho?

Mpimaji wako, kama bado unamtaka

*

Nyumbani, 25 Januari

Mume wangu (nimekurudisha kwa masharti),

Dereva ananiita "Bi Kipofu" sasa. Nimecheka mpaka nikashika mbavu, basi nikaona hasira imeisha, nikatafuta karatasi.

Hayo ya usiku ni kweli. Novemba nilitoa mkeka nje nikalala uani kama mlinzi, ndani hapakaliki wala hapalaliki. Sikufikiri kwamba na mpunga nao umekosa usingizi.

Sasa kwa nini mwisho. Unaujua ufunguo wa mlango wa mfereji, ule ninaoufunga kiunoni. Maji hayatoshi majaruba yote kwa pamoja, anayepewa leo anapandikiza leo, wa mwisho anangoja mwezi na zaidi. Aliyekuwa nao kabla yangu alikuwa anajipa kwanza yeye, kisha shemeji zake, kisha kama yamebaki ndiyo mfereji mzima. Watu walimsema mpaka akahama. Nilipokabidhiwa mimi, nilisimama pale mlangoni nikasema mbele ya wote, "Kuanzia leo mwenye ufunguo hunywa mwisho." Walinipigia makofi. Tangu siku hiyo hakuna aliyenisema, na mimi nikavimba kichwa, nikaona hakuna mtu mwadilifu kama mimi kutoka huku hadi baharini.

Zamani haikudhuru kitu. Novemba tulikuwa tunajifunika blanketi. Siku hizi joto linafika mpunga wangu ukiwa bado maziwa. Kwa hiyo heshima yangu ndiyo iliyoupika mchele wangu shambani.

Nikijipa maji kwanza nitaitwa mlafi, na uzee huu sitaki kuitwa mlafi. Nikijipa mwisho, Baba Mdogo wako anakuja na gari. Nipe shauri, wewe uliyesoma hewa ndani ya punje.

Mkeo,
Bibi

*

Ghalani, 3 Februari

Bibi yangu,

Ahsante kwa kunirudisha. Masharti nayakubali kabla sijayasikia.

Zipo mbegu zinazowahi kukomaa, nitakutafutia. Tena usiku wa joto ukipitisha maji jarubani yakawa yanatembea, yanaupoza mpunga kidogo. Lakini yote hayo ni kupuliza uji wa moto. Dawa yenyewe ni kupandikiza mapema, na kupandikiza mapema ni maji, na maji ni ufunguo. Hapo sina la kukwambia. Heshima ni yako, mimi siwezi kukuhesabia kwa kibano.

Ila ujue jambo moja. Nimemwambia bwana mkubwa wa ghala kwamba sinia lako sitaligusa tena. Msimu ujao atapima Miwani, na mimi nitakuwa nje ya chumba. Hata punje moja sitaweza kukusaidia. Miwani ni mkali, na tangu ulipokuja anakuogopa, na akiogopa anakuwa mkali zaidi.

Mjukuu wako

*

Mjini, 2 Julai

Kijana,

Mama ameniandikia mistari mitatu. Mmoja anasema ametoa ufunguo wa mfereji kwa Kidevu. Umemshauri nini? Ule ufunguo hata mimi mwanawe sikuruhusiwa kuushika.

Chumba chake kiko tayari. Nimekipaka rangi mwenyewe. Dirisha nimelihamishia upande wa mashariki kwa sababu anapenda jua la asubuhi. Sihitaji maneno mengi, ahadi ni ahadi.

Anakula vizuri? Barua anazokuandikia wewe nasikia ni ndefu.

Baba yako mdogo

*

Nyumbani, 9 Julai

Mume wangu,

Umeshasikia. Habari mbaya hupanda lori kabla ya barua.

Niliita watu wote wa mfereji pale mlangoni. Nikasema mimi na ufunguo tumefika mwisho wa safari, nikaufungua kiunoni, nikamkabidhi Kidevu. Nilimchagua yeye kwa sababu anapenda kusifiwa, na mtu anayependa kusifiwa haibi maji hadharani. Maskini, alichanganyikiwa asijue auweke wapi, akautia mdomoni kama fundi mwenye msumari.

Kisha akautoa, akaufuta kwenye shati, akasema, "Basi maji yaanzie kwa Bibi." Nikadhani ananicheka. Nikatazama watu, nikaona wote wanaitikia kwa vichwa. Mama mmoja akasema, "Miaka yote tulitaka kukwambia ujipe mapema, tukaona tutakukosea heshima." Yaani mimi nawaogopa wao, wao wananiogopa mimi, na mpunga unaungua katikati yetu. Kidevu mwenyewe amesema atachukua maji katikati, mbele ana haya na nyuma ana hofu.

Nimepandikiza wa kwanza. Maji yalipoingia jarubani nilisikia raha ambayo sikuwahi kuikubali. Lakini jioni nikijifunga kanga mkono unakwenda wenyewe kiunoni kuutafuta ufunguo, haupo. Nimelia kidogo. Kidevu asijue. Wewe umetoa sinia, mimi nimetoa ufunguo, sasa tumebaki na mpunga wenyewe.

Mkeo asiye na cheo,
Bibi

*

Ghalani, 28 Novemba

Bibi yangu,

Magunia yako yamefika jana, ya kwanza kuliko yote ya mfereji wenu. Miwani akanitoa chumbani, akafunga mlango. Nikaenda kukaa kwenye stoo ya pumba. Nilikaa humo mpaka wenzangu wakaja kuuliza kama nimefukuzwa kazi. Nilisikia kiti chake kikisogea, nikasikia anaanza kuhesabu upya, nikajua ile ni hesabu ya mtu asiyetaka kukosea.

Mwishowe akafungua. Alinipa karatasi, akavua miwani yake akaanza kuifuta.

Sikuzungushi Bibi. Ni daraja la kwanza. Chokaa ipo, joto nalo mwaka huu halikulala, lakini ni punje chache za kuokota, si kama mwaka jana. Magunia yako yamepigwa muhuri mimi nikiwa nimesimama mbali, mikono nyuma kama mwanafunzi. Kisha nikarudi kwenye stoo ya pumba nikalia. Wenzangu nimewaambia ni vumbi.

Karatasi hiyo hapo nimeifunga humu ndani. Mwonyeshe Baba Mdogo.

Mjukuu wako, mume wako, na mtu mwenye furaha

*

Nyumbani, 6 Desemba

Mume wangu,

Baba Mdogo wako alitangulia barua yako. Alifika asubuhi na gari, amevaa shati la kwenda ofisini ingawa kazi alishastaafu tangu mwaka juzi. Nikamwambia majibu hayajaja. Akasema atasubiri. Nami sikutaka kuonekana mwenye hila, ahadi niliitoa mwenyewe, basi nikafunga mzigo wangu nikauweka mlangoni. Tukakaa wawili kibarazani, mzigo katikati yetu. Nikamwona anautazama ule mzigo kuliko anavyonitazama mimi.

Lori likapita alasiri. Barua nikampa yeye aisome kwa sauti, maana nilikuwa naogopa. Akasoma vizuri mpaka kwenye "daraja la kwanza", hapo akaikunja barua. Nikajua amekasirika kwa kushindwa. Nikaanza kujiandaa kumtania, kumbe machozi yanamtoka.

Akasema, "Mama, nilikuwa nimeshapaka chumba rangi."

Nikamuuliza, basi kuna nini, rangi haiozi. Ndipo akaniambia. Tangu mkewe afariki na watoto waondoke, ile nyumba ina vyumba vingi na yeye anaishi kwenye kimoja. Asubuhi anawasha redio ili apate wa kumjibu. Hakujua namna ya kuniomba niende kukaa naye, ndipo aliposikia la chokaa akaona amepata njia. Mwaka mzima nimepigana na mwanangu kwa mpunga, naye alikuwa anamtaka mama yake tu. Na mimi nilikuwa namwandikia mistari mitatu.

Nilifungua mzigo wangu pale pale mlangoni, nikatoa blanketi nikampa. Chumba cha nyuma kilikuwa na mbegu, tumezihamisha pamoja. Gari amelirudisha kwa mwenyewe, kumbe lilikuwa la kukodi. Amesema atakaa mpaka mwisho wa mwezi, lakini leo nimemkuta na Kidevu kwenye mfereji, suruali imekunjwa magotini, anauliza jaruba lipi linaweza kuwa lake.

Naandika polepole nisikwaruze meza. Amekula mchana, amelala chumba cha nyuma, na nilikuwa nimesahau inavyokuwa mtu akikoroma ndani ya nyumba yangu.

Mkeo,
Bibi